Umepata mkopo sawa, ila ada yako umepangiwa kiasi gani?

Tangu semista ianze foleni kwenye dawati letu la mikopo hapa chuoni haipungui na wengi wanakuja na swali lile lile, "afisa mbona nadaiwa ada wakati mimi nina mkopo?" Nimeona niandike, maana tukijibu mmoja mmoja dirishani mitihani itatukuta hapo hapo.

Juzi kaja kijana wa mwaka wa kwanza, kashika simu, meseji ya bumu (hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo) anayo, 600,000 imeingia. Hiyo ni chakula na malazi, 10,000 kwa siku mara siku 60 (kabla ya kupandishwa ilikuwa 8,500). Sasa ada ya kozi yake ni 1,300,000 kwa mwaka na Bodi ya Mikopo (HESLB) imempangia 780,000, mchanganuo upo kwenye akaunti yake ya mkopo ila hajawahi kuufungua. Inayobaki, 520,000, ni yake na mzazi wake. Akanyamaza kwanza, halafu akasema bumu ameshalipia geto miezi mitatu, godoro na mtungi wa gesi. Naomba tuelewane, huyu hajabeti wala hajanunua simu kali, kanunua vitu vya lazima kabisa, ila hakuna aliyemwambia mapema kwamba kuna 520,000 inamsubiri, na hiyo akiitoa kwenye bumu ni siku 52 za kula na kulala zimeondoka.

Mkopo unapangwa kwa uhitaji, siyo kila mtu anapata ada yote. Hili tunalirudia kila mwaka jamani. Na ada haipiti mkononi kwako, Bodi inalipa chuo moja kwa moja, ila lazima uwe umesajiliwa, matokeo yako ya mwaka uliopita yawe yameshafika Bodi, na usaini kila awamu kwa wakati. Usiposaini hela inarudishwa Bodi halafu chuo kinaendelea kukudai wewe, kwa hiyo wanaosema chuo kimekula hela zao wengi wao hawakusaini. Ukiahirisha mwaka njoo na barua yako ya kuahirisha kabla hujaondoka, usiende nyumbani kimya kimya. Na ile sehemu yako ya ada unalipa kwa kontrol namba tu, usimpe hela mtu yeyote anayesema atakulipia.

Halafu kuna hili la "mkopo ni hela ya serikali haulipwi". Unalipwa! Hata ukidisko (ukiondolewa chuo kwa kufeli) au ukiacha chuo mwenyewe, ulichokwisha kuchukua ni deni. Una miezi 24 tangu umalize au uache masomo, baada ya hapo urejeshaji unaanza. Ukiajiriwa, mwajiri anatakiwa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28, anakukata asilimia 15 ya mshahara na kupeleka makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, asipofanya hivyo ni kosa kisheria. Mshahara wa 800,000 makato ni 120,000 kila mwezi, kwa hiyo deni la milioni 10 ni karibu miaka 7. Uliyejiajiri ni kuanzia 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi. Ile asilimia 6 ya kutunza thamani, iliyokuwa inaongezwa juu ya deni kila mwaka, ilishafutwa tangu 2021 lakini mpaka leo wapo wanaokimbia kulipa kwa kuiogopa hiyo, na deni lao liko pale pale.

Wazazi nao, mkisikia mtoto kapata mkopo msiuache mpango wenu wa ada kabla hamjaona karatasi ya mchanganuo. Muulizeni namba tatu tu, ada ya kozi ni shilingi ngapi, Bodi imelipa ngapi, imebaki ngapi. Kama kilichopangwa hakitoshi na hali nyumbani ni ngumu kweli, dirisha la rufaa likifunguliwa aombe kwa vielelezo, kama mzazi amefariki cheti cha kifo kihakikiwe mapema RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), barua ya kulalamika peke yake haisaidii.

Yule kijana tulimwita tena na mzazi tukaongea naye kwa simu. Ni mkulima wa korosho Mtwara, mnada ukishalipa atatuma 200,000 ya kwanza na iliyobaki semista ya pili. Tumeandikiana hivyo, barua ipo kwenye faili lake.