Superfainali ya Urusi ni nini, na kwa nini mahasimu hawakwepani

Desemba 2020, jijini Moscow, mchezaji wa sataranji Daniil Dubov alikaa na kete nyeupe mbele ya Sergey Karjakin. Wakafungua kwa njia ya Kiitaliano, ile ya zamani ambayo watoto hufundishwa mwanzoni kabisa. Kwenye hatua ya sita palikuwa na askari mweusi katikati ya ubao, na karibu kila mchezaji angemla bila kufikiri mara mbili. Dubov akamwacha. Akamsukuma askari wake mwingine hadi mraba wa b4, na mchezo ukageuka msitu. Baadaye akamtoa malkia wake sadaka, na mwisho wa siku akashinda. Aliyefungwa hakuwa mchezaji wa kubahatisha: Karjakin ndiye aliyemfikisha Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa wakati huo, hadi michezo ya mchujo, ile ya kuamua mshindi baada ya kumaliza sawa, walipogombea ubingwa wa dunia huko New York mwaka 2016.

Mchezo huo ulipigwa katika mashindano yanayoitwa Superfainali ya Urusi. Neno hilo huwachanganya wengi. Kwa masikio yetu fainali ni mechi moja, watu wawili au timu mbili, kombe liko mezani, jioni moja mambo yamekwisha. Superfainali ya sataranji haiko hivyo. Ni hatua ya mwisho ya ubingwa wa taifa la Urusi, na kwa kawaida wachezaji 12 huchezeana kwa mtindo wa ligi, mkondo mmoja: kila mtu hukutana na kila mtu mara moja, raundi 11, raundi moja kwa siku pamoja na siku ya mapumziko. Ushindi ni pointi 1, sare ni nusu. Miaka mingine wamekuwa 10, lakini utaratibu ni uleule. Mashindano ya wanawake nayo yamekuwa yakifanyika sambamba, mji uleule na siku zilezile.

Utaratibu huu ulianza mwaka 2004. Mara ile ya kwanza Garry Kasparov mwenyewe alicheza Moscow, akapata pointi 7.5 katika michezo 10 na kumwacha Alexander Grischuk nyuma kwa pointi moja na nusu. Miezi michache baadaye, Machi 2005, Kasparov akatangaza kustaafu. Tangu hapo mashindano yamezunguka nchi nzima: Kazan, Chita, Novosibirsk, Satka, Ufa, Cheboksary. Kwa nchi yenye ukubwa ule, mchezaji wa magharibi anaweza kujikuta Chita, mashariki ya mbali ya Ziwa Baikal, mwili wake ukiwa bado kwenye saa za nyumbani.

Ili uelewe uzito wa Superfainali, angalia kwanza mlango wa kuingilia. Wapo wanaoingia moja kwa moja, kwa sababu wako juu kwenye orodha ya viwango au walipata medali mwaka uliopita. Wengine lazima wapite Ligi ya Juu, nayo huchezwa kwa mfumo wa Uswisi. Katika mfumo huo wachezaji ni kadhaa wa kadhaa lakini raundi ni chache, kwa hiyo kila raundi unapangiwa mtu mwenye pointi sawa na zako. Ukishinda, anayekuja ni mgumu zaidi. Ukifungwa, unashushiwa mzigo. Ni mfumo wa haki, mimi naupenda, lakini una upenyo: unaweza kumaliza nafasi ya nne bila kukutana kabisa na mtu unayemhofia. Wa juu, mara nyingi watano, ndio hupanda.

Ndani ya Superfainali upenyo huo hakuna. Kura ikishapigwa na kila mmoja akapewa namba, jedwali zima linajulikana siku hiyohiyo. Unajua raundi ya saba utakaa na nani, na kama utakuwa na kete nyeupe au nyeusi. Yule aliyekufunga mwaka jana yuko pale, na una wiki nzima ya kumfikiria. Kwa kuwa raundi ni 11, nusu ya wachezaji hupata kete nyeupe mara sita na nusu nyingine mara tano tu. Nyeupe ndiyo inayoanza, na katika kiwango hicho kuanza ni faida. Mtu anaweza kulala vibaya kwa sababu ya namba aliyookota kwenye kura.

Ndiyo maana uhasimu wa Superfainali si kelele za majukwaani. Ni uhasimu wa watu wanaokaa meza moja kwa muda wa saa nne au tano, wakimsikia mwenzao anavyopumua, na ambao wamefanya hivyo tangu wakiwa watoto. Mfano ulio wazi ni Karjakin na Ian Nepomniachtchi. Wote wamezaliwa 1990: Karjakin Simferopol mwezi Januari, Nepomniachtchi Bryansk mwezi Julai. Karjakin akawa bingwa wa dunia wa watoto chini ya miaka 12 mwaka 2001. Nepomniachtchi akalitwaa taji hilohilo mwaka 2002, mbele ya Carlsen. Mwaka huo huo Karjakin akawa grandimasta, cheo cha juu cha wachezaji wa sataranji, akiwa na miaka 12 na miezi saba, rekodi iliyodumu karibu miaka 19. Wakati huo alikuwa akichezea Ukraine. Mwaka 2009 akahamia Urusi. Desemba 2010 akacheza Superfainali huko Moscow, wakamaliza sawa, na kwenye mchujo Nepomniachtchi akamshinda.

Miaka kumi ikapita. Karjakin akagombea ubingwa wa dunia, akasifiwa kama mlinzi wa chuma asiyefungika. Kisha wakakutana tena kwenye jedwali la 2020, lile la Dubov na malkia wake. Nepomniachtchi akamaliza na pointi 7.5, Karjakin 7. Nusu pointi! Ukitazama orodha ya mabingwa tangu 2004 utamkuta Grischuk, utamkuta Alexander Morozevich, utamkuta hata Igor Lysyj, ambaye mwaka 2014 huko Kazan wachache walimpa nafasi. Karjakin humwoni. Kumkaribia Carlsen aliweza. Lango la nyumbani lilimshinda. Naye Nepomniachtchi alitoka pale, mwaka uliofuata akashinda Yekaterinburg mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia, na 2022 akayashinda tena, huko Madrid.

Kuna uhasimu wa namna nyingine, wenye upole ndani yake. Peter Svidler wa Saint Petersburg amekuwa bingwa wa Urusi mara nane, ya kwanza 1994 akiwa na miaka 18 na ya nane 2017. Ile ya nane aliipata kwa kumshinda kwenye mchujo Nikita Vitiugov, mtu wa mji wake na mwenzake wa siku nyingi. Hebu fikiria: anayejua maandalizi yako yote, anayejua ukiwa na wasiwasi unafanya nini na mikono, ndiye anayekaa mbele yako kukunyang'anya taji. Vitiugov alingoja mpaka 2021, huko Ufa, ndipo akawa bingwa. Nilifurahi sana siku ile, kwa sababu wapo wachezaji ambao subira yao mtu unaiona kwenye jedwali, mwaka baada ya mwaka.

Halafu vita ikaja. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, Karjakin aliunga mkono hadharani, na shirikisho la dunia, FIDE, likamfungia miezi sita. Nepomniachtchi na Svidler walikuwa miongoni mwa wachezaji 44 wa Urusi waliotia saini barua ya kupinga vita. Vitiugov sasa anachezea Uingereza, na mwenzao Vladimir Fedoseev anachezea Slovenia. Jedwali lililokuwa likiwakutanisha wote likapasuka, na mimi hilo linaniuma, maana hadithi hizi zilikuwa bado zinaendelea.

Sasa chipukizi. Katika Superfainali chipukizi si lazima awe bingwa, na hapo ndipo watu huhesabu vibaya. Viwango vya sataranji hupimwa kwa pointi za Elo, hesabu iliyobuniwa na Arpad Elo na kupitishwa na FIDE mwaka 1970. Kazi yake ni kutabiri. Ukiwa nyuma ya mpinzani kwa pointi 100, unatarajiwa kuvuna takriban asilimia 36 ya pointi za mezani. Mchukue kijana mwenye Elo 2600, mweke kati ya watu 11 wenye wastani wa 2700. Kwa michezo 11 hesabu inamtarajia apate kama pointi 4. Akipata 5.5, yaani nusu kwa nusu, kwenye msimamo ataonekana katikati na hakuna atakayempigia makofi. Lakini amevuna pointi moja na nusu zaidi ya ilivyotarajiwa, na kwa kiwango chake Elo itapanda kama 15 kwa mashindano hayo pekee. Hivyo ndivyo chipukizi anavyotambulika: huangalii amemaliza wa ngapi, unaangalia amemaliza wapi ikilinganishwa na alikoanzia, na nani amemnyima ushindi.

Wapo wasiosubiri, bila shaka. Aleksandra Goryachkina alishinda Superfainali ya wanawake Chita mwaka 2015, akiwa na miaka 16. Miaka mitano baadaye yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kuwindwa: Moscow 2020, Polina Shuvalova wa miaka 19 akamaliza naye sawa kileleni, pointi 8 kila mmoja, na ikabidi mchujo wa michezo ya kasi uamue. Goryachkina akashinda. Mchujo una ukatili wake, kwa sababu kazi ya siku 11 huamuliwa ndani ya muda mfupi, saa ikikimbia. Mwaka 2012 hali ilikuwa ya ajabu zaidi: kati ya wachezaji 10, sita walimaliza na pointi 5 kila mmoja, wakaingia wote kwenye mchujo, na Dmitry Andreikin akaibuka.

Nirudi Desemba 2020. Kwenye jedwali lile alikuwemo kijana wa Novocherkassk aitwaye Andrey Esipenko, mwenye miaka 18. Vichwa vya habari vilikuwa vya Nepomniachtchi na Karjakin, na vya malkia wa Dubov. Yeye alikaa raundi 11 na hao wote, na Svidler, na Vitiugov, bila pa kujificha. Wiki chache baadaye, Januari 2021, akaenda Wijk aan Zee, Uholanzi, akashika kete nyeupe dhidi ya Magnus Carlsen, aliyekuwa bado bingwa wa dunia, akamfunga.