Insha ya hoja huanzia pale mtu anapokukatalia

Kila nikiwapa wanafunzi wangu wa Kiingereza, mwaka wa kwanza chuoni, insha ya hoja yenye utafiti, mada ya mifuko ya plastiki haikosi. Siikatai. Ninachokataa ni sentensi inayokuja nayo: "Plastiki inaharibu mazingira." Huuliza darasa, nani anapinga? Hanyooshi mkono hata mmoja. Basi hakuna cha kubishania, na kurasa zote zitakazofuata zitakuwa maelezo matupu, hata zikijazwa marejeleo 20.

Kuna binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa niandike nini?" Nikamwambia asiandike kwanza, akasome. Alianza na sheria zenyewe zinazokataza mifuko hiyo. Rwanda ilipitisha yake mwaka 2008. Kenya ilianza marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Alipozisoma kanuni za Tanzania kifungu kwa kifungu, akaona kwamba kilichokatazwa ni mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa kama dawa, vyakula vya viwandani na mazao ya kilimo viliachwa. Halafu akaenda sokoni. Akakuta dagaa na nyanya vinatiwa kwenye vifungashio hivyohivyo, mnunuzi anaondoka navyo mkononi.

Akarudi na dai: marufuku ya 2019 haitafika mbali iwapo vifungashio vyepesi vitaendelea kugeuzwa mifuko. Hilo ni dai. Muuza dagaa atalikataa mchana kweupe.

Utafiti wa insha ni huo. Wengi huandika msimamo usiku mmoja, kisha hutafuta nukuu za kuupamba. Ukisoma namna hiyo huoni kinachokupinga, na ndicho unachokihitaji zaidi.

Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alieleza mwaka 1958 kwamba kati ya ushahidi na dai kuna daraja: sababu inayoruhusu kuvuka kutoka huu kwenda lile. Rasimu nyingi ninazosahihisha zimebomoka hapo. Mwanafunzi anaandika kwamba vifungashio vimejaa sokoni, sentensi inayofuata anasema marufuku inadhoofika. Imetokeaje? Lazima aseme kwamba kifungashio chepesi hutupwa baada ya matumizi ya mara moja na huziba mtaro kama ulivyoziba mfuko uliokatazwa, hivyo kubadilisha jina hakukupunguza taka. Kwake hilo ni dhahiri, ndiyo maana analiruka. Msomaji hayumo kichwani mwake.

Sasa yule muuza dagaa. Mazoea ni kumweka aya ya mwisho, akiwa dhaifu, aangushwe kwa sentensi mbili. Nilimtaka binti yule ampe ukurasa mzima na aandike hoja yake kwa namna ambayo mwenyewe angeisoma na kusema, naam, ndivyo. Dagaa wana majimaji, karatasi inalowa. Mfuko mbadala una bei, na anayenunua fungu dogo hataki kuulipia. Alipomaliza kuiandika, dai lake lilitikisika. Akaongeza sharti: udhibiti uanzie kwa wazalishaji na wasambazaji, si kwa kumkamata mchuuzi. Insha ikawa bora kuliko aliyokusudia, na nilifurahi mno kuisoma.

Kuhusu marejeleo, fuata mtindo atakaoutaja mwalimu wako. MLA hutaka jina la mwandishi na ukurasa ndani ya matini, APA jina na mwaka. Andika ukurasa siku ileile unaposoma, na kwenye daftari tenga maneno yako na ya mwandishi kwa alama za kunukuu. Wanafunzi niliowaona wakituhumiwa wizi wa kitaaluma hawakuwa wezi wote. Baadhi walirudi kwenye daftari wiki tatu baadaye wakashindwa kujua sentensi ni ya nani.

Utangulizi uandike mwisho, dai likishatulia.