Choo cha Boti: Jua Harufu Inatoka Wapi Kabla ya Kushika Spana

Nyumbani ukishavuta maji chooni, kazi imekwisha. Mteremko wa bomba unamaliza mengine. Kwenye boti hakuna mteremko. Mara nyingi bakuli la choo liko chini ya usawa wa maji ya nje, kwa hiyo uchafu husukumwa kwa pampu, upande juu, ndipo uingie kwenye tangi la kuuhifadhi. Malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wa vyombo vidogo karibu yote huanza na harufu, na wenye boti wengi wanakuwa wameshamimina manukato tangini kabla ya kutuita. Manukato hayatengenezi chochote. Yanafunika dalili ambayo ingekuonyesha mahali penye hitilafu.

Anza na swali la lini. Kama choo kinanuka mayai viza pale tu unapopiga pampu kwa mara ya kwanza baada ya boti kulala siku kadhaa, tangi halina kosa. Hayo ni maji ya bahari yaliyotuama kwenye hosi ya kuingizia. Vijidudu vilivyomo vimekufa, na bakteria wamegeuza salfeti ya maji ya chumvi kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi. Kumwaga maji matamu ndani ya bakuli hakusaidii, kwa sababu hayafiki kwenye hosi hiyo. Funga koki ya kuingiza maji, chomoa hosi pale inapoungana na koki, itumbukize kwenye ndoo ya maji matamu, kisha piga pampu. Ukifanya hivyo kabla ya kuiacha boti, tatizo linakwisha.

Harufu isiyokoma, mchana na usiku, ni jambo jingine. Inawezekana hosi ya kutolea uchafu imechoka na gesi inapenya kwenye ukuta wake ingawa hakuna tone linalovuja. Kipimo chake ni rahisi: lowesha kitambaa safi kwa maji ya moto, kikamue, kizungushe kwenye hosi, kiache kipoe, halafu kinuse. Kikinuka choo, hosi hiyo haisafishiki. Ibadilishe kwa hosi iliyotengenezwa mahususi kwa maji taka. Hosi ya bustani itakurudisha palepale baada ya muda mfupi.

Kuna pia harufu inayotoka nje, kwenye bomba la kupumulia la tangi. Tangi linalopata hewa ya kutosha huwa na bakteria wanaotumia oksijeni, na hao hawatoi uvundo mkali. Likikosa hewa, wanatawala wale wa aina nyingine. Tundu la bomba hilo huzibwa na chumvi, na wadudu waliojenga humo, au na uchafu uliopanda tangi lilipojaa kupita kiasi. Ubaya wake hauishii kwenye harufu. Pampu ya bandarini ikinyonya tangi lisilopumua, kuta zake zinaweza kubonyea; na ukifungua kifuniko cha sitahani huku ndani kuna shinikizo, kitakachokurukia usoni unakijua. Kila unapoosha boti, elekeza maji kwenye tundu hilo. Wala usimwage dawa ya klorini tangini: inaua bakteria unaowahitaji na kuchakaza mipira ya pampu.

Sasa tuje kwenye dalili ninayoiona ikipuuzwa kuliko zote: bakuli ulilolikausha linajaa tena lenyewe. Tazama rangi ya maji hayo. Kama ni machafu, yanarudi kutoka upande wa tangi, na wa kulaumiwa ni ile vali ndogo ya mpira yenye mdomo uliopasuliwa, iliyo kwenye kiwiko cha kutokea pampu. Ikiwa mpya, midomo yake hukutana hata mwanga usipite. Ikizeeka, magadi meupe huigandia, mpira hukakamaa, na midomo hubaki wazi. Usihangaike kuikwangua, ni kipuri kidogo, ibadilishe. Midomo ielekee uchafu unakokwenda. Ukiigeuza, pampu itakugomea.

Kama maji ni safi, acha mengine yote. Bahari inaingia kwenye boti. Bakuli likiwa chini ya usawa wa maji, maji yakishaanza kujivuta kupitia hosi ya kuingizia hayana sababu ya kusimama, na boti zimezama zikiwa zimefungwa gatini kwa njia hii hii. Funga koki mara moja. Halafu kagua upinde wa bomba wenye vali ya hewa juu, ambao kazi yake ni kukata mvuto huo. Chumvi huiziba vali hiyo. Ifungue na uisuuze kwa maji matamu ya uvuguvugu. Upinde wenyewe lazima ubaki juu ya usawa wa maji hata boti ikilala upande. Koki zote zichezeshwe mara kwa mara zisigande, na kando ya kila moja pafungwe kizibo cha mti chenye ncha, cha kipimo chake.

Mkono wa pampu ukiwa mgumu, ujue magadi yamepunguza njia. Mkojo ukikutana na maji ya chumvi huacha utando mgumu kama chokaa. Hosi ya milimita 38 hubeba zaidi kidogo ya lita 1 kwa kila mita, kwa hiyo hosi ya mita 3 inahitaji kama lita 3 na nusu kusafishika. Piga pampu mpaka kiasi hicho kipite, siyo mpaka bakuli lionekane jeupe. Siki nyeupe ikilazwa usiku mmoja hulainisha utando mwembamba. Ukitumia asidi, kamwe isikutane na klorini, kwa kuwa vikichanganyika hutoa gesi ya sumu.

Na usiingize kichwa tangini kutafuta kilichoziba. Haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kuinusa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutuama chini, hadi kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti.

Kuhusu kumwaga, Kiambatisho cha Nne cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, kilichoanza kutumika tarehe 27 Septemba 2003, kinataka uchafu usiotibiwa umwagwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, kidogo kidogo, chombo kikiwa safarini kwa mwendo usiopungua noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Uliosagwa na kuuliwa vijidudu ni zaidi ya maili 3. Kinahusu vyombo vya safari za kimataifa vya tani 400 na kuendelea, au vinavyoruhusiwa kubeba watu zaidi ya 15. Boti ndogo hufuata sheria za nchi iliko, ambazo huenda zikawa kali zaidi.

Ukimaliza matengenezo, zungushia karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo cha hosi, fungua koki, piga pampu, kisha subiri saa moja. Karatasi iliyolowa itakuonyesha klipu ya kukaza.