Luthuli Avenue hawauzi masikio: dhana potofu za wanaoanza kutengeneza muziki wa elektroniki

Muulize kijana yeyote wa Nairobi anayetaka kuanza kutengeneza biti ni nini kinachomkwamisha, atakutajia bei. Bei ya laptopu, bei ya spika za studio, bei ya kibodi yenye vitufe vya taa. Ni nadra akuambie kwamba hajui besi yake inalia noti gani. Dhana nyingi zinazowapotosha wanaoanza zina mzizi huo mmoja: watu wanatafuta kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue kitu ambacho hupatikana kwa kusikiliza. Zifuatazo ndizo ninazozisikia kila mara, na nyingine nitazikalia zaidi kwa sababu ndizo zinazoharibu kazi.

"Bila laptopu ya maana, usianze"

Tazama singeli. Muziki huo wenye kasi ya zaidi ya mapigo 200 kwa dakika ulizaliwa uswahilini, Dar es Salaam, kwenye studio za vyumba vidogo na kompyuta za kawaida. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikaupeleka hadi Ulaya. Hakuna mchezaji aliyesimama katikati ya ukumbi kuulizia RAM.

Laptopu iliyotumika yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya SSD inatosha kwa mwaka wako wa kwanza na pengine wa pili. Sauti ikianza kukatika, kabla ya kukimbilia mjini angalia mipangilio ya bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuicheza. Bafa ya sampuli (vipande vidogo vya sauti) 128, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, inachelewesha sauti kwa takriban milisekunde 3. Bafa ya 512 inachelewesha kwa karibu milisekunde 12. Unapopiga kibodi au kurekodi sauti, weka ndogo. Unapofanya miksi, yaani kusawazisha sauti zote pamoja, weka kubwa ili kompyuta ipumue. Ikizidi kulemewa, ile sintesaiza nzito (ala ya kielektroniki inayounda sauti) igeuze iwe faili ya sauti ya kawaida na uizime. Wapo waliobadilisha mashine nzima kwa sababu ya mpangilio huo mmoja wa bafa.

Huna laptopu kabisa? BandLab, programu ya kutengeneza muziki, ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu. LMMS ni ya bure kwenye kompyuta. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu. FL Studio, ambayo ndiyo karibu kila mtu mtaani anaijua, ina toleo la majaribio lisilo na kikomo cha muda, ila mradi ukishauhifadhi huwezi kuufungua tena mpaka ununue. Ukiamua kununua, soma vizuri kwanza kama toleo la bei ya chini kabisa, Fruity, linarekodi sauti ya mwimbaji.

Ile FL "iliyovunjwa" ambayo fundi anakuwekea na plagini (programu ndogo za kuongezea ala na athari za sauti) mia mbili juu yake inaweza kukugharimu zaidi ya bei ya leseni. Virusi vya kufunga mafaili na kudai malipo vimesambazwa sana kupitia programu za aina hiyo, na havichagui kati ya plagini na miradi yako. Halafu, plagini mia mbili za nini? Ikwalaiza iliyokuja na programu yako inakata masafa yale yale ambayo ya dola mia moja inakata.

Kitu kimoja kidogo ambacho ningenunua kweli: hedifoni za waya. Zile za Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100. Unabonyeza ngoma, inalia baadaye, nawe unaanza kujiona huna mdundo.

"Besi ikitetemesha hedifoni, basi imekaa sawa"

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo biti nyingi za Nairobi zinapofia.

Mtu amemaliza biti usiku, besi tamu mpaka anakunja uso. Asubuhi anamtumia rafiki kwa WhatsApp, rafiki anaicheza kwa spika ya simu, na besi haipo. Haisikiki hata kwa mbali. Jioni biti ile ile inapigwa ndani ya nganya ya Rongai, matatu yenye spika kubwa, na sasa besi imejaa gari zima, maneno yamezama, ni viti tu vinavyotetemeka. Analaumu simu, kisha analaumu matatu. Vyote viwili vimemwambia ukweli.

Tuseme besi yako inalia noti ya A ya chini, hezi 55 (mitetemo 55 kwa sekunde). Spika ya simu haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa masafa hayo. Chini ya hezi 200 hivi nguvu yake huporomoka. Kama umetumia besi safi ya mtindo wa 808, ile mashine ya ngoma ya zamani, karibu nguvu yake yote iko pale kwenye 55, kwa hiyo simu haina cha kucheza. Lakini sikio lina hila yake. Likisikia 110, 165, 220 na 275 kwa pamoja, ubongo wenyewe hujaza ile 55 hata kama haipo. Basi dawa si kupandisha besi. Dawa ni kuichafua kidogo ili izae masafa ya juu yake.

Fanya hivi: tengeneza nakala ya besi. Ipitishe nakala kwenye distosheni (plagini ya kuchafua sauti) kwanza, kisha kata kila kilicho chini ya hezi 150, halafu ipandishe polepole chini ya besi ya asili mpaka uanze kuisikia kwenye simu. Mpangilio huo usiugeuze. Ukikata kabla ya kuchafua, utakuwa umeitupa besi yote na distosheni itabaki haina cha kula.

Kwenye matatu tatizo ni lingine. Kiki (ngoma kubwa ya chini) na besi zimekaa chumba kimoja, zote kati ya hezi 50 na 60, na zinagombana. Amua nani anakaa chini. Kiki ikiwa fupi na ya juu kidogo, besi ishike sakafu. Besi ikiwa na melodi nyingi, mwachie kiki sakafu. Kisha tumia saidicheni: kila kiki inapopiga, besi iiname kidogo na kurudi. Ukiiweka kwa wastani hakuna atakayegundua, ila sabufa itaacha kukoroma.

Na tafadhali, usipanue besi kwa plagini za stereo. Spika nyingi za Bluetooth, na mifumo mingi ya baa, huunganisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja. Mawimbi yaliyopishana yakikutanishwa hufutana, na besi yako hupotea mbele ya watu. Chini ya hezi 120 hivi, weka kila kitu katikati. Programu nyingi zina njia ya kusikiliza kwa mono. Bonyeza mara kwa mara.

Trei za mayai

Hii ni ya kwetu kabisa. Ukiingia studio za mtaani, kuanzia Pipeline hadi Kayole, utakuta ukuta mzima umebandikwa trei za mayai, na mwenyewe anaamini zinazuia sauti isitoke. Hazizuii. Sauti huzuiwa na uzito: ukuta mnene, mlango mzito, mianya iliyozibwa. Trei ni karatasi nyepesi. Kinachofanyika ni kwamba zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu, besi inapita kama kawaida, na jirani bado anagonga mlango. Tena ni karatasi kavu juu ya nyaya za umeme.

Blanketi nzito, godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, au kabati lililojaa nguo hufanya kazi kuliko hizo trei. Kama una spika, ziondoe kwenye kona. Kona hukuza besi. Utadhani unayo nyingi, utaipunguza, na nje ya chumba hicho wimbo utasikika mwembamba.

"Ipandishe mpaka igonge nyekundu"

Kwenye mfumo wa kidijitali desibeli 0 ndiyo dari. Ukipita hapo unakata vichwa vya mawimbi, na hakuna mtu wa masta, yule anayeupa wimbo umaliziaji wa mwisho, atakayevirudisha. Kwenye miksi acha nafasi, kilele kibaki karibu na desibeli 6 chini ya dari. Hata ukishindana kwa ukubwa wa sauti, Spotify kwa mipangilio yake ya kawaida huushusha wimbo wako hadi karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), na YouTube pia hushusha nyimbo zilizozidi. Umeuponda wimbo bure.

Kuna sababu ya sisi kudanganyika. Wanasayansi Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi na sauti za juu vizuri zaidi sauti inapokuwa kubwa. Ndiyo maana kila kitu kinasikika kitamu ukifungulia. Fanya maamuzi ya miksi kwa sauti ya chini, ile ambayo unaweza kuongea na mtu bila kupaza. Masikio pia yana kipimo chao: desibeli 85 kwa saa nane ndicho kiwango ambacho wataalamu wa usalama kazini hukitumia, na kila ukiongeza 3 muda salama unakatwa nusu.

"Kompyuta ikinyoosha kila noti, ndiyo usafi"

Programu nyingi hufunguka zikiwa na gridi (mistari ya kupangia noti) ya nne kwa nne iliyogawanywa mara kumi na sita. Inafaa hausi ya mapigo 120 na kitu, inafaa amapiano ya karibu 112. Sasa jaribu kuweka chakacha, ngoma ya Pwani, humo. Haikai, kwa sababu mdundo wake unatembea kwa tatutatu. Anayeanza hudhani ameshindwa yeye, kumbe anatakiwa abadilishe mgawanyo wa gridi tu. Hata ndani ya nne kwa nne, zisogeze haihati (sahani za ngoma) mbele au nyuma kidogo na uzipe nguvu tofauti. Mpiga kayamba hapigi kila pigo kwa uzito mmoja.

Ndivyo ilivyo kwenye noti. Unarekodi nyatiti, nyuzi nane, unaiweka juu ya kodi (noti zinazolia pamoja) za sintesaiza, na inasikika kama imekosea. Haijakosea. Kibodi hugawanya oktava hatua 12 zilizo sawa, na mpiga nyatiti hajawahi kukubaliana na mgawanyo huo. Shusha au pandisha senti chache, hatua moja ina senti 100, mpaka zielewane. Au sintesaiza ndiyo ijipange kwa nyatiti, jambo ambalo mimi hulipenda zaidi.

Kuhusu nadharia kwa jumla sina mengi. Huhitaji cheti. Vitufe vyeusi peke yake vinakupa skeli (mfuatano wa noti) ya noti tano isiyogoma. Anzia hapo, nyingine zitakuja kwa mahitaji.

"Huu ni muziki wa wazungu"

Hausi ilianzishwa na Wamarekani weusi wa Chicago, tekno na weusi wa Detroit. Kabla ya hapo, mwaka 1944, Mmisri Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya jijini Cairo, akarekodi ngoma ya zar, jamaa ya ngoma zetu za pepo za Pwani, kisha akaichezea sauti hiyo kwa mwangwi na uchujaji mpaka ikawa kazi mpya. Pierre Schaeffer wa Ufaransa, anayesifiwa sana kwa mbinu hizo, alikuja miaka minne baadaye. Leo KMRU, mtoto wa Nairobi, anasikilizwa duniani kwa kazi anazojenga kutokana na sauti za mazingira alizorekodi mwenyewe. Kinasa sauti cha simu yako kinatosha kuanza. Nenda soko la Gikomba asubuhi.

"Ukichukua sekunde chache tu, hakuna shida"

Sheria ya Kenya haina kanuni ya sekunde tatu, wala saba. Ukikata kipande cha benga ya zamani unagusa haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Utunzi hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi hulindwa miaka 50. Kwa hiyo rekodi inaweza kuwa imetoka kwenye ulinzi na mjane wa mtunzi bado akawa na haki ya kukushtaki. Piga kitu chako kipya kabisa, au omba ruhusa zote mbili.

Upande wa pili hujadiliwa kidogo, nao ndio unaoumiza maprodusa wengi: "biti ni yangu, nimeitengeneza mimi." Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Msanii akikuita, akakuambia nataka biti ya namna hii, akalipa, na hamkuandikiana, unaweza kukuta si yako tena. Biti uliyokuwa nayo tayari na ukaiuza ni habari nyingine, maana kuhamisha haki yote kunahitaji maandishi yaliyotiwa sahihi. Kujiandikisha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hakuzai haki, haki huanza kazi inaporekodiwa, lakini cheti husaidia ushahidi mkigombana.

Kwa hiyo kabla ya kutuma faili zilizotenganishwa (kila ala na faili lake), andika ukurasa mmoja: jina la biti, tarehe, nani anamiliki rekodi, asilimia ya utunzi ya kila mmoja, kama msanii anaruhusiwa kuiuza tena, na jina lako litaandikwaje. Wote mtie sahihi. Toleo lenye alama ya sauti yako mtumie msanii mapema kadiri apendavyo. Lisilo na alama lingoje sahihi.