Je, wajua? Kwa nini taa ya gari la faibaglasi inahitaji nyaya mbili

Ukifungua taa ya nyuma ya gari la kawaida la bati ukafuata nyaya zake, utagundua kwamba waya unaoleta umeme umetoka mbali sana. Umeanzia kwenye betri, umepita kwenye fyuzi na swichi, kisha umelala chini ya zulia hadi nyuma. Waya wa kurudisha umeme, kinyume chake, una urefu wa sentimita chache tu na umekazwa kwa skrubu kwenye bati lililo jirani. Katika magari mengi ya zamani haupo kabisa, kwa sababu chuma cha kishikio cha balbu kinagusa bodi na kazi imekwisha.

Mtu anayejiundia gari nyumbani kutokana na vipuri vilivyonunuliwa kwa seti hana anasa hiyo. Atavuta waya wa kwenda, kisha atavuta mwingine wa kurudi, kwa kila taa, honi, pampu na feni. Kwa nini?

Umeme wa gari hautembei kwenda upande mmoja tu. Lazima utoke upande mmoja wa betri, ufanye kazi, kisha urudi upande wa pili. Njia ikikatika popote, hata kwenye marejeo, taa haiwaki. Watengenezaji wa magari walitambua mapema kwamba bodi ya chuma tayari ni njia ya kurudia. Chuma hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, lakini bodi ina chuma kingi mno kiasi kwamba udhaifu huo hauonekani. Basi wakaunganisha upande mmoja wa betri, ambao siku hizi ni wa hasi, na bodi, na karibu nusu ya nyaya za gari zikawa hazihitajiki. Mafundi huiita njia hiyo athi.

Faibaglasi ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya plastiki. Haipitishi umeme hata kidogo. Nayo ndiyo kipenzi cha magari ya seti, kwa kuwa ni nyepesi, haishiki kutu, na karakana ndogo inaweza kufinyanga boneti au winga bila mashine kubwa za kukandamiza bati. Uingereza ndiko utamaduni huu ulikoshamiri hasa. Lotus Seven, gari dogo la michezo la Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, ilitoka mwaka 1957, na wengi waliinunua ikiwa vipande, kwa sababu gari lililouzwa kama vipuri halikutozwa kodi ya manunuzi iliyotozwa magari yaliyokamilika. Mwaka 1973 kodi hiyo ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na VAT, na nafuu ile ikaisha. Mapenzi ya kujiundia gari yalibaki. Mwaka huohuo Lotus iliuza haki za Seven kwa kampuni ya Caterham, na hadi leo unaweza kununua gari la ukoo huo likiwa kwenye maboksi.

Mengi ya magari haya yana chasisi ya mabomba ya chuma chini ya faibaglasi, kwa hiyo athi ipo. Shida ni kwamba haipo pale zilipo taa. Taa za nyuma zimefungwa kwenye plastiki, indiketa vilevile, na pengine hata dashibodi ni ya faibaglasi au mbao. Isitoshe, chasisi yenyewe huja imepakwa rangi ya unga iliyookwa kwenye tanuri. Rangi hiyo ni ngumu na ya kupendeza, na inazuia umeme kikamilifu. Ukifunga waya juu yake, umeufunga kwenye plastiki.

Mtego mkubwa zaidi unawangoja wanaotumia nyaya za gari jingine. Magari mengi ya seti hujengwa kwa kubomoa gari moja la kawaida ili kupata injini, giaboksi, ekseli na nyaya. Gari la seti liitwalo Exocet, kwa mfano, huchukua viungo vya Mazda MX-5: unatoa bodi yote ya bati, unaweka fremu ya mabomba, na fungu lilelile la nyaya linaendelea kutumika. Lakini fungu hilo lilibuniwa kwa gari la bati. Linategemea bodi katika sehemu kadhaa, mbele, nyuma na nyuma ya dashibodi, na bodi hiyo sasa imeondolewa. Waya mweusi mfupi unaoning'inia bila pa kukaa ni nusu ya saketi, na kila mmoja lazima upatiwe njia mpya.

Kuhusu rangi za nyaya, hapa wajenzi wanapaswa kuwa macho sana. Katika utaratibu wa Kiingereza uliotumiwa na Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme vya magari, waya mweusi ni athi na wa kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, tena bila fyuzi. Katika utaratibu wa Kijerumani, wa kahawia ndio athi. Anayetia injini ya BMW kwenye gari la seti la Kiingereza ana nyaya mbili za rangi moja zenye maana zinazopingana, na kuziunganisha ni kuitia betri shoti. Pima kwanza, usiamini rangi.

Athi mbovu inasumbua kuliko waya uliokatika, kwa sababu iliyokatika kabisa hujulikana mara moja. Mbovu hufanya kazi nusunusu. Chukua taa kubwa mbili za mbele za wati 55 kila moja. Kwa volti 12, zote mbili hunywa takriban ampea 9. Tuseme zinarudia kwenye skrubu moja iliyokazwa juu ya rangi na kutu kidogo, yenye upinzani wa omu 0.15 tu. Kiasi hicho ni kidogo sana, lakini kinakula zaidi ya volti 1. Balbu ya waya mwembamba inaadhibu vikali upungufu wa namna hiyo: volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Kisha skrubu ile inageuka jiko la takriban wati 10, inachemka, kutu inazidi, upinzani unapanda. Dereva anabadilisha balbu, ananunua za bei ghali, na mwanga bado ni hafifu.

Halafu kuna taa zinazowaka bila kuagizwa. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wa wati 21 kwa breki na wa wati 5 kwa taa ya usiku. Zote mbili hurudia mahali pamoja. Athi ya taa hiyo ikikatika, ukikanyaga breki umeme unaingia kwenye uzi wa wati 21, unafika chini, unakuta mlango umefungwa. Basi unapanda kinyumenyume kupitia uzi wa wati 5, unaingia kwenye waya wa taa za usiku, na kusambaa hadi kwenye taa nyingine zenye athi nzima. Matokeo yake, unakanyaga breki mchana kweupe na taa za dashibodi zinawaka kwa ufifi. Anayeona hivyo mara nyingi hushuku swichi au fyuzi na kuanza kufumua dashibodi, ilhali kasoro iko mita tatu nyuma, kwenye waya mweusi mmoja. Matrela hupatwa na jambo hilihili, kwa sababu hiyohiyo.

Injini nayo ina lake. Imekalia raba ili mtetemo usifike kwenye chasisi, na raba haipitishi umeme. Stata inapozungusha injini inaweza kuvuta ampea 150 au zaidi, na zote lazima zirudi betrini. Ndiyo maana kuna utepe mnene wa shaba iliyosukwa kati ya injini na chasisi. Ukisahaulika, umeme hutafuta njia nyingine yoyote ya chuma, na iliyopo mara nyingi ni kebo ya ekselereta au ya klachi. Kebo nyembamba ikipitisha mkondo wa stata huwa nyekundu kwa joto, ganda lake la plastiki huyeyuka, na huenda ikagandia humo humo. Ekselereta iliyoganda ni hatari kubwa barabarani, na chanzo chake ni utepe uliosahaulika.

Geji ya mafuta inaweza kukudanganya waziwazi. Kipimo kilicho ndani ya tangi ni upinzani unaobadilika na kiasi cha mafuta, na mara nyingi hurudia kupitia chuma cha tangi. Katika mfumo uliotumiwa kwa miaka mingi na General Motors, omu 0 ni tangi tupu na omu 90 ni tangi lililojaa. Athi mbovu inaongeza upinzani, kwa hiyo geji inaonyesha mafuta mengi kuliko yaliyomo. Tangi likiwa limefungwa kwa mikanda yenye raba, lipe waya wake. Mdomo wa chuma wa kujazia mafuta, ukiwa umezungukwa na faibaglasi, nao uunganishwe na chasisi, kwani petroli ikipita kwenye mpira huzalisha umeme tuli, na hakuna anayetaka cheche mahali hapo.

Hata redio huathirika. Bodi ya bati huzuia kelele za umeme wa plagi zisifike kwenye antena, na faibaglasi inaziachia zipite. Chevrolet walikumbana na hili walipotoa Corvette ya faibaglasi mwaka 1953. Ilibidi wazifunike sehemu za mfumo wa kuwasha injini kwa kinga za chuma. Lakini waligeuza udhaifu huohuo kuwa faida: katika Corvette za mwanzo antena ilikuwa wavu wa chuma uliofichwa ndani ya mfuniko wa buti, jambo lisilowezekana kwenye bati.

Kwa maoni yangu athi ndiyo ya kwanza kujengwa, kabla ya waya wowote wa rangi. Weka kipande cha shaba chenye bolti kadhaa mbele, kingine nyuma ya dashibodi, kingine nyuma ya gari, na kila kimoja kifike betrini kwa waya mnene, si kwa kutegemea chasisi peke yake. Waya wa kurudi unabeba jumla ya vyote vilivyofungwa hapo, kwa hiyo hauwezi kuwa mwembamba. Waya wa shaba wa milimita ya mraba 1, wenye urefu wa mita 4, una upinzani wa karibu omu 0.07, na taa zile mbili za mbele zitapoteza humo volti 0.6. Wa milimita za mraba 3 unapoteza 0.2 tu. Pale unapofunga kwenye chasisi, piga msasa hadi chuma king'ae, tumia bolti na washa yenye meno, kisha paka grisi juu ili maji yasiingie. Ribiti zisitumike kama athi, maana hulegea. Nyaya za sensa za kompyuta ya injini zirudi peke yake kwenye kompyuta hiyo. Sensa inayozungumza kwa volti 0 hadi 5 ikichangia njia na feni kubwa, feni ikiwaka na kuinua athi kwa volti 0.2 tu, kompyuta inasoma kosa la asilimia 4.

Kupima nako kuna namna yake. Wengi huweka maltimita, yaani mita ya kupimia umeme, kwenye omu, wanaona sifuri, wanaridhika. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima nao utaonyesha karibu sifuri, kwa sababu mita inapitisha mkondo mdogo mno. Washa taa kwanza. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye athi ya taa, nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe. Ikisoma 0.1 au pungufu, athi ni nzuri. Ikisoma 1, fuata waya hatua kwa hatua kuelekea betri, na pale namba inapoporomoka ghafla, kiungo ulichokiruka punde hivi ndicho kibovu.