Mnyamapori Akiteseka: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kuingilia Kati

Kila ukame unapokaza, picha huanza kusambaa: tembo aliyenasa kwenye tope la lambo lililokauka, punda milia aliyebaki ngozi na mifupa kando ya barabara, nyumbu anayehangaika kwenye maji ya Mto Mara huku mamba wakimsogelea. Chini ya picha hizo watu hugawanyika upesi. Wapo wanaouliza aliyepiga picha ana moyo gani hata asimsaidie kiumbe wa Mungu, na wapo wanaojibu kwamba mambo ya porini yaachiwe pori. Kwa maoni yangu pande zote mbili huharakia jibu, kwa kuwa hubishana kama inafaa kuingilia kati kabla ya kuuliza ni kitu gani kilichomfikisha mnyama yule pale alipo.

Dhana: Mtoto wa mnyama akionekana peke yake, ametelekezwa

Dhana hii hutendewa kazi na watu wema kabisa, na ndiyo maana madhara yake ni makubwa. Swala tomi, swala pala, kuro, pongo na digidigi huwaficha watoto wao majanini au kichakani katika siku za mwanzo, na mama hukaa mbali kwa makusudi, kwa sababu yeye ana ukubwa na harufu ya kuwavuta fisi na mbweha. Mtoto hujikunja chini, shingo kailaza, masikio kayabana mgongoni, wala hatikisiki hata mtu akimkaribia kabisa. Mama hurudi mara chache kwa siku kumnyonyesha, na humlamba akila hata kinyesi chake ili pasibaki dalili yoyote ya kumchongea kwa adui. Mpita njia humwona yatima, kumbe aliyemwona ni mtoto anayefanya kile hasa anachotakiwa kufanya. Akimbeba kwenda naye nyumbani, huyo ndiye anayempokonya mama yake.

Mfano unaojulikana sana ulitokea mbali na kwetu. Mnamo Mei 2016, wageni katika Hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani walimpakia garini ndama wa baisani, yaani nyati wa Marekani, wakidhani anaumwa na baridi. Wahifadhi walijaribu mara kadhaa kumrudisha kundini, kundi likamkataa, naye akaendelea kuyafuata magari na watu barabarani mpaka wahifadhi wakaamua kumuua. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila kiumbe kikiguswa na mtu hutupwa na mamaye kwa ajili ya harufu. Kwa ndege wengi hilo si kweli, na kinda lisiloota manyoya likianguka linaweza kurudishwa kiotani bila tatizo.

Dhana: Pori lina sheria zake, hivyo binadamu asiguse chochote

Kauli hii ina sura ya hekima, lakini haifiki mbali ukiilinganisha na mtego wa waya. Jangili hutega kitanzi akiwinda swala, kisha akaingia twiga kwa mguu, simba kwa shingo, au mtoto wa tembo kwa mkonga. Waya hauozi wala haukatiki kwa kuvutwa. Kadiri mnyama anavyopambana ndivyo unavyozama nyamani, mara nyingine mpaka mfupani, na kidonda huchukua wiki nyingi kumuua. Hapo sheria ya pori haimo, kwani waya ule ulitengenezwa kiwandani na ukategwa na mtu. Ndiyo sababu madaktari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS), wakishirikiana na taasisi ya Sheldrick ya kuwahifadhi wanyamapori, wamekuwa kwa zaidi ya miaka ishirini wakiwatibu wanyama wenye majeraha ya aina hiyo, huku vikosi vya doria vikiing'oa mitego kabla haijanasa.

Sokwe wa milimani, yaani gorila wa Rwanda, Uganda na Kongo, wanatupa ushahidi ulio wazi zaidi. Huduma ya tiba kwa ajili yao ilianza mwaka 1986 na ina kanuni yake: daktari huingilia pale ugonjwa au jeraha linapotishia uhai, au linapokuwa limesababishwa na binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu gorila wa Virunga, safu ya milima iliyo mpakani mwa nchi hizo tatu, ulionyesha kwamba makundi yaliyozoeshwa watu, ambayo hulindwa na kutibiwa kila inapobidi, yalikuwa yakiongezeka kwa takriban asilimia 4 kwa mwaka, ilhali makundi yasiyozoeshwa yalikuwa yakipungua kidogo. Watafiti walikadiria kwamba tiba pekee ingeweza kueleza hadi asilimia 40 ya tofauti hiyo. Leo gorila wa milimani ni zaidi ya 1,000. Lakini tusisahau kwamba wao ni wachache, kila mmoja wao anajulikana, na hatari nyingi zinazowakabili, kuanzia mitego hadi mafua, zinatoka kwetu. Kinachofaa kwao hakifai moja kwa moja kwa nyumbu zaidi ya milioni moja.

Dhana: Palipo na mateso, kuzuia ni wema daima

Watafiti waliochunguza vifo vya nyumbu katika Mto Mara walikadiria kwamba kati ya 2001 na 2015 walizama, kwa wastani, zaidi ya 6,000 kila mwaka, yaani nyama na mifupa yenye uzito wa tani zipatazo 1,100. Anayeangalia kutoka ukingoni huona maangamizi. Lakini tai na kongoti hushiba kwa mizoga hiyo na kubeba sehemu yake kwenda mbali na mto. Samaki, wakati mizoga ipo, hupata kati ya theluthi na nusu ya chakula chao humo. Na mifupa huendelea kuachia fosforasi, kirutubisho cha mimea, majini kwa miaka kama saba. Kundi lenyewe halipungui kwa vifo hivyo, kwani waliozama hawafiki hata asilimia moja ya wote. Kumvuta nyumbu mmoja kutoka mdomoni mwa mamba ni kumnyima mamba riziki yake, na sioni kwa nini huruma yetu imtambue mmoja na kumsahau mwingine kwa kuwa tu ana meno.

Dhana: Wakati wa ukame, chimba visima na umwage majani

Hapa mambo ni magumu, na historia ya Tsavo ndiyo inayofundisha zaidi. Katika miaka ya 1960 tembo walikuwa wengi mno katika hifadhi hiyo ya Kenya, wakiangusha miti na kugeuza vichaka kuwa nyasi. Mtaalamu Mwingereza, Richard Laws, alishauri wapunguzwe kwa risasi kabla nchi haijaharibika. David Sheldrick, aliyekuwa mhifadhi wa Tsavo Mashariki, alipinga na kusisitiza kwamba mazingira yaachwe yajipange yenyewe. Ukame wa 1970 na 1971 ukaja ukaua tembo kwa maelfu, hasa majike na watoto, ambao hawakuweza kwenda mbali na mito. Wengi wao hawakufa kwa kiu. Maji yalikuwapo, ila chakula kilichoyazunguka kilikuwa kimekwisha. Baadaye uoto ulirudi, ingawa wimbi la ujangili lililofuata liliwapunguza tembo tena, jambo linalofanya iwe vigumu kusema nani kati ya wawili hao alishinda hoja. Na huyo Sheldrick aliyekataa kuingilia ndiye ambaye jina lake, tangu mwaka 1977, limebebwa na taasisi maarufu zaidi duniani kwa kuwalea tembo yatima. Wengine huona ukinzani hapo. Mimi sioni, kwa sababu wengi wa yatima hao wamefanywa yatima na ujangili, kutumbukia visimani na uhasama wa binadamu na tembo.

Kuhusu visima, Hifadhi ya Kruger nchini Afrika Kusini iliwahi kuvichimba kwa mamia. Maji ya kudumu kaskazini mwa hifadhi yaliwavuta punda milia, punda milia wakawavuta simba, na simba wakammaliza korongo, swala adimu aliyekuwa akiishi huko kwa usalama, ambaye idadi yake ilishuka kutoka mamia hadi makumi katika miaka ya 1980 na 1990. Hifadhi ililazimika kuvifunga visima vingi.

Je, basi tukae tu? Ripoti ya serikali ya Kenya ya Novemba 2022 ilihesabu tembo 205, nyumbu 512 na punda milia wa Grevy 49 waliokufa kwa ukame ndani ya miezi tisa. Nyumbu 512 hawaitikisi jamii yao. Punda milia wa Grevy 49 ni pigo, maana duniani wamebaki elfu chache tu, karibu wote kaskazini mwa Kenya, na malisho yao ya zamani yamebanwa na mifugo na makazi. Kuwapelekea hao majani makavu, kama ilivyofanyika, ni uamuzi ninaoutetea bila kusita.

Dhana: Huruma inatosha, ujuzi utafuata

Tazama kazi ya kumtoa tembo mmoja waya mguuni. Dawa ya usingizi inayotumika, etofina, ni kali kiasi kwamba tone dogo likipenya kwenye mchubuko wa daktari mwenyewe linaweza kumuua, hivyo dawa ya kuizima huwa tayari kwa ajili ya watu pia. Tembo akianguka kifudifudi, uzito wake hubana kifua na atakosa pumzi, kwa hiyo timu hukimbilia kumpindua alale ubavu, mara nyingine kwa kamba na gari. Mmoja huweka kijiti kwenye ncha ya mkonga ili tundu za pua zisizibe, mwingine humfunika jicho kwa sikio lake mwenyewe kulikinga na jua, na wengine humwagia maji. Kidonda kikishasafishwa, dawa ya kumzindua huchomwa kwenye mshipa wa sikio, na kila mtu hurudi garini upesi, kwani mgonjwa husimama baada ya dakika chache tu na hana habari ya shukrani.

Hata unyonyeshaji una elimu yake. Mtoto wa tembo aliyetumbukia kisimani akipewa maziwa ya ng'ombe huharisha na mara nyingi hufa. Daphne Sheldrick, mke wa David, alihangaika miaka mingi kabla ya kugundua kwamba maziwa ya kopo yenye mafuta ya nazi yanamfaa. Pwani nako, kasa aliyekutwa ufukweni akiwa dhaifu husukumwa baharini na watu wenye nia njema, kumbe mgonjwa asiyeweza kuogelea huzama. Wavuvi wa Watamu, pwani ya Kenya, ambao huwaita wahudumu wa hospitali ya kasa iliyopo hapo, wanafanya jambo la maana zaidi. Isitoshe, sheria za Kenya na Tanzania haziruhusu mtu kukaa na mnyamapori bila kibali, na mbweha anayesogea watu bila woga huenda ana kichaa cha mbwa. Mwenye kumkuta mnyama taabani na awaarifu KWS huko Kenya, au kwa Tanzania TANAPA (hifadhi za taifa) au TAWA (mamlaka ya wanyamapori), aeleze mahali hasa na hali aliyoiona, kisha awazuie watu na mbwa wasimzonge.

Dhana: Asiyemgusa mnyama hajamsaidia

Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe na jamaa zao, iliwaua nyumbu wa Serengeti kwa miongo mingi, hasa ndama. Haikukomeshwa kwa kumchanja nyumbu hata mmoja. Waliochanjwa ni ng'ombe wa wafugaji jirani. Nyumbu waliokuwa wapatao 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 walizidi milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2011 ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani kote. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, mbwa wa vijijini wakatuhumiwa, nao wakaanza kuchanjwa dhidi yake na dhidi ya kichaa cha mbwa. Kichaa cha mbwa kilipungua kwa mbwa na kwa watu, ila virusi vya distempa viliendelea kuwafikia simba, pengine kupitia wanyama wengine walao nyama, na hapo hoja ya kuwachanja wanyamapori wenyewe inarudi mezani. Ethiopia imekwishapita njia hiyo: mbwa mwitu wa Kiethiopia (wolf) wa milima ya Bale, waliobaki mamia tu nchini kote, wamechanjwa wao wenyewe dhidi ya kichaa cha mbwa.