Setilaiti iliyorushwa Malindi na mpaka wa sumaku ya dunia

Explorer 45 ilirushwa tarehe 15 Novemba 1971 kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano baharini karibu na Malindi, na mpaka leo naona haipewi heshima yake. Ilikuwa ya NASA, ndogo tu, inazunguka karibu na ikweta, ikifika juu kabisa iko kama kilomita 27,000 angani, na kazi yake ilikuwa kupima dhoruba za sumaku, yaani pale jua linapouvuruga uga sumaku wa dunia, kutokea ndani.

Ndani ya nini? Uga sumaku wa dunia unasukumana na upepo wa jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua, na pale nguvu zinapolingana ndo kuna mpaka, sisi tunauita magnetopozi. Siku za kawaida upande wa mchana mpaka uko kama kilomita 64,000 kutoka katikati ya dunia, yaani nusu kipenyo cha dunia mara 10. Explorer 45 haikuwahi kuvuka mara 5.3, kwa hiyo mpaka haikutakiwa hata kuuona.

Tarehe 4 Agosti 1972 mlipuko wa jua ulifika kwetu kwa saa 14.6 tu, wakati kwa kawaida ni siku mbili tatu, mabomu ya majini yanayohisi sumaku ambayo Marekani iliyatega kusini mwa Hai Phong, Vietnam Kaskazini, yakaanza kulipuka yenyewe, na mpaka ukasukumwa hadi ukaikuta Explorer 45 pale kwenye mara 5.2 hivi. Fikiria hiyo. Shinikizo la sumaku linapungua kwa umbali kipeo cha sita, kwa hiyo kuusogeza mpaka kutoka 10 hadi 5.2 kwa kusukuma tu unahitaji upepo wenye shinikizo kama mara 50 ya kawaida!

Lakini ukicheki Dst, ile namba ambayo watu hupimia ukubwa wa dhoruba (ikishuka zaidi chini ya sifuri ndo dhoruba kubwa), ya siku zile ilishuka hadi kama nanotesla -125 tu, nanotesla ikiwa kipimo cha nguvu ya uga sumaku. Mei 2024 ilipita -400. Sasa mtu anayesoma Dst peke yake atasema 1972 ilikuwa dhoruba ya kawaida, na hapo ndo nabishana na watu kila siku, kwa sababu Dst inapima zaidi mkondo wa chembe unaoizunguka dunia, haipimi mpaka umefika wapi. Uga sumaku uliobebwa na upepo wa jua ukielekea kusini unaungana na wa kwetu, unabandua tabaka za nje na kuingiza nishati ndani, Dst inaporomoka. Ukielekea kaskazini, kama ilivyokuwa muda mwingi wa dhoruba ile, mlango unakuwa karibu umefungwa ila msukumo uko palepale.

Kwenye data mpaka ukipita unauona wazi. GOES, setilaiti za hali ya hewa za Marekani ambazo ziko mara 6.6, zinasoma kama nanotesla 100 kuelekea kaskazini, imetulia, halafu ghafla inaanza kurukaruka na mara nyingi inageuka hasi, na plazma, ile gesi ya chembe zenye chaji, inakuwa nzito. Ila setilaiti moja haikwambii mpaka ni mnene kiasi gani au unakimbia kasi gani, ndo maana MMS, mradi wa NASA uliorushwa 2015, ni setilaiti nne zinazoruka pamoja, wakati mwingine zimeachana kilomita 7 tu.

Kwa hiyo tahadhari ikitoka mi naanza na shinikizo la upepo na uelekeo wa uga kule kilomita milioni 1.5 mbele yetu upande wa jua, ambako kuna setilaiti za kupima, Dst baadaye. Kwa kasi ya 1972, kutoka pale hadi hapa ni kama dakika 10.